Jicho la Mwalimu Wetu

(Hotuba iliyotolewa bwaloni mbele ya mkutano wa mwaka wa Umoja wa Wanafunzi wa Zamani. Inachapwa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Kamati imeniagiza nitoe maelezo juu ya jicho la Mwalimu wetu wa hisabati, ambaye vizazi vyote vya shule hii tangu mwaka 1974 hadi 2010 vilimwita Pembetatu. Yeye mwenyewe ameniruhusu nilitaje jina hilo la utani na kuliacha jina lake la kwenye mafaili, kwa sababu, alisema, jina la utani alipewa na wanafunzi na kwa hiyo ni mali yao. Mnakumbuka kwamba mkutano huu ulichanga fedha za kumpeleka India kutibiwa. Hesabu za fedha hizo zimo katika taarifa ya Mweka Hazina, nami sitaziingilia. Kazi yangu ni nyingine. Tangu Mwalimu aliporudi, wanachama wamekuwa wakiniuliza maswali mawili. La kwanza: je, Mwalimu amepona? La pili, ambalo wengine wamelisema kwa sauti ya chini kidogo: kama amepona, mbona bado anahitaji fedha za dawa na nauli kila baada ya miezi michache?

Ni maswali ya haki. Mtu aliyetoa shilingi yake anastahili kujua imefanya kazi gani. Lakini ili jibu lieleweke, hapana budi kwanza tujue ni kitu gani kilichoharibika katika jicho lile, na ni kitu gani kilichotiwa badala yake.

Mimi si daktari. Chuo Kikuu nilisoma uchumi, na kazi yangu serikalini ni ya mipango na bajeti. Lakini nilifuatana na Mwalimu katika safari ile, nikawauliza madaktari kila nilichoweza kuuliza, na tuliporudi nikasoma. Niliyoyapata ndiyo haya.

KIOO NA MABAHARIA WAKE

Mbele kabisa ya jicho, juu ya ile duara nyeusi, kuna ngozi iliyo angavu kama kioo cha saa. Madaktari huiita konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu, lakini kazi yake ni kubwa: takriban theluthi mbili ya nguvu yote ya jicho ya kukusanya nuru hutoka kwenye konea, na sehemu iliyobaki hutoka kwenye lenzi iliyo ndani. Konea haina mishipa ya damu. Ingekuwa nayo isingekuwa angavu.

Konea imejengwa kwa matabaka. Nje kuna ngozi nyembamba inayojitengeneza upya kila mara. Ukiikwaruza kidogo hupona kwa siku chache. Katikati kuna sehemu nene, iliyo karibu unene wote wa konea, yenye nyuzi zilizopangwa kwa utaratibu wa ajabu. Ndani kabisa kuna utando mwembamba uliopewa jina la tabibu Mfaransa, Descemet, na juu ya utando huo, upande wa ndani ya jicho, kuna safu moja tu ya chembe hai, kila moja ikiwa na pembe sita, zimeshikana kama masega ya nyuki.

Vijana wa baiolojia, safu hiyo ndiyo ninayotaka mwikumbuke. Jicho kwa ndani limejaa maji, na maji hayo hupenya kuingia katika konea usiku na mchana. Fikirini ngalawa inayovuja. Haizami, kwa sababu mabaharia waliomo wanachota maji na kuyamwaga nje bila kupumzika. Chembe za safu ya ndani ndizo mabaharia hao. Husukuma maji kuyarudisha yalikotoka, na nyuzi za katikati hubaki kavu kiasi cha kutosha kupitisha nuru. Wakizidiwa, maji hujaa, nyuzi huachana, na konea huvimba na kuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji.

Sasa lililo gumu ni hili. Ngozi ya mkono ikikatika, chembe nyingine huzaliwa kuziba pengo. Mabaharia wa konea hawazaliwi upya. Kijana wa umri wenu anao kama 3,000 katika kila milimita mraba moja. Hupungua polepole kadiri umri unavyokwenda, na mmoja akifa, jirani zake hujitanua tu kuziba nafasi yake. Kwa kawaida wanaobaki hutosha kumfikisha mtu mwisho wa maisha yake bila tatizo. Lakini wakipungua hadi kama 500 katika milimita mraba, ngalawa huanza kushindwa.

UKUNGU WA ASUBUHI

Ni mambo gani huwamaliza mabaharia hawa kabla ya wakati? Baadhi ya watu huzaliwa na udhaifu huo katika ukoo wao. Ugonjwa huu unaitwa kwa jina la Ernst Fuchs, daktari wa Vienna aliyeueleza mwaka 1910, nao huonekana zaidi kwa Wazungu, na zaidi kwa wanawake, baada ya umri wa miaka hamsini. Wengine huumia jicho. Wengine presha ya jicho hupanda sana. Na wengine, kama Mwalimu wetu, hupatwa na uvimbe miaka kadhaa baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Hapa naomba nieleweke vizuri, nisije nikawatisha watu. Upasuaji wa mtoto wa jicho ni miongoni mwa tiba zilizowarudishia binadamu wengi zaidi nuru ya macho yao, na wanaovimba konea baadaye ni wachache sana. Kila upasuaji ndani ya jicho hupoteza chembe kadhaa za ile safu ya ndani. Mwenye akiba kubwa hahisi lolote. Mwenye akiba ndogo huenda akaja kuhisi baadaye. Mzee yeyote mwenye mtoto wa jicho na akafanyiwe upasuaji. Ila akiona dalili nitakazozitaja, asikae nyumbani.

Mwalimu alipasuliwa jicho la kulia mwaka 2016, akaona vizuri kwa miaka minne. Jicho la kushoto alikuwa amekwisha kulipoteza zamani kwa presha ya jicho, kwa hiyo hilo la kulia ndilo lililobaki peke yake. Mwaka 2020 akaanza kuamka na ukungu. Asubuhi alikuwa haoni herufi za gazeti, lakini ikifika saa sita mchana ukungu umetoweka. Alidhani ni moshi wa jikoni. Sababu yenyewe ni kwamba usiku, macho yakiwa yamefumbwa, maji ya konea hayapati nafasi ya kukauka kwa hewa. Mchana, macho yakiwa wazi, baadhi ya maji hukaushwa na hewa na mabaharia waliochoka hupata nafuu. Ukungu wa asubuhi unaopungua mchana ni dalili ya mapema ya konea inayovimba. Shikeni hilo.

Baadaye ukungu ukawa wa kutwa nzima. Kisha yakaja maumivu, maana maji yakizidi hutengeneza malengelenge madogo juu ya konea, na malengelenge hayo yakipasuka, mtu huhisi kama ametiwa mchanga jichoni. Matone ya maji ya chumvi kali, yale ya asilimia 5, humsaidia mgonjwa kwa muda kwa kuyavuta maji nje, lakini hayawezi kumfufua baharia hata mmoja. Kufikia mwaka 2022 Mwalimu alikuwa anahesabu vidole kwa umbali wa mita moja, basi. Mtu aliyeweza kuchora duara ubaoni kwa mkono mtupu na likafungana, sasa alikuwa anashikwa mkono kwenda uani.

PAA LIKIVUJA

Kupandikiza konea si jambo jipya. Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, ambao leo uko katika Jamhuri ya Czech, daktari Eduard Zirm alimpandikizia kibarua Alois Glogar, aliyeunguzwa macho yote mawili na chokaa. Konea ilitoka kwenye jicho la mvulana wa miaka 11, jicho ambalo lilikuwa limeumia kiasi cha kulazimika kutolewa. Macho yote mawili yalipandikizwa. Moja likakataa, moja likabaki angavu, na Glogar akarudi kazini. Katika miaka ya 1930, Vladimir Filatov wa Odessa alionyesha kwamba konea za watu waliokufa zinafaa kwa kazi hiyo, na mwaka 1944 benki ya kwanza ya macho ikafunguliwa New York.

Kwa sehemu kubwa ya karne ile, njia ilikuwa moja. Daktari alikata konea yote ya katikati, tangu nje hadi ndani, kama mtu anayetoboa kitufe, akaweka kitufe kingine na kukishona kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Njia hii iliwaokoa wengi, na bado inahitajika pale konea nzima inapokuwa na kovu. Lakini ina gharama zake. Nyuzi huweza kukaa mwaka au zaidi. Kioo kilichoshonwa huvutwa huku na huku, kikapinda, na mtu akaona vitu vimepotoka hata akivaa miwani. Kidonda hakirudii nguvu yake ya kwanza. Pigo moja la usoni, hata baada ya miaka mingi, laweza kukifungua.

Sasa, paa likivuja hubomoi nyumba. Kama ubovu uko katika safu ya ndani tu, kwa nini ukate konea nzima? Wazo hilo alikuwa nalo Charles Tillett wa Marekani, aliyejaribu kupandikiza sehemu ya nyuma peke yake katika miaka ya 1950, lakini vifaa vya wakati ule havikutosha. Aliyelifufua ni daktari Mholanzi, Gerrit Melles. Mwaka 1998 alieleza jinsi ya kuingiza tabaka la nyuma kupitia ubavu wa jicho na kulibandika bila kulishona, kwa kulisukuma na povu la hewa. Madaktari wa Marekani, akina Mark Terry, Francis Price na Mark Gorovoy, walirahisisha njia hiyo na kuieneza. Mwaka 2006 Melles huyo huyo akaeleza namna ya kupandikiza utando wa Descemet na chembe zake peke yake, kitu chenye unene wa kama sehemu moja ya mia ya milimita.

Kwa hiyo leo kuna njia mbili kuu za kupandikiza sehemu tu ya konea. Katika ya kwanza, kipandikizi kina utando, chembe, na kipande chembamba cha nyama ya konea. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Hiyo ni rahisi zaidi kuishika, na hufaa katika macho yaliyokwisha kupitia misukosuko. Katika ya pili ni utando na chembe tu. Hiyo huleta nuru safi zaidi, lakini utando hujikunja kama karatasi ya sigara iliyolowa, na kuukunjua ndani ya jicho kwataka ustadi mkubwa. Mwalimu alifanyiwa ile ya kwanza.

SIKU YA UPASUAJI

Upasuaji ulifanyika Julai 2023, ukachukua muda usiofika saa moja. Jicho lilitiwa ganzi. Mwalimu mwenyewe alikuwa macho na alisikia yote. Tundu la kama milimita tano lilikatwa ubavuni mwa konea. Daktari akaubandua utando mgonjwa, akautoa. Kisha akaingiza kipandikizi kikiwa kimekunjwa, akakikunjua, na kupuliza povu la hewa chini yake likisukume juu kigandamane na konea. Mabaharia waliobaki hai katika kipandikizi huanza kazi wenyewe: wanavuta maji, na mvuto huo ndio unaokishikilia kipandikizi mahali pake.

Lakini hewa hupanda juu. Ndiyo maana mgonjwa hana budi kulala chali, uso ukielekea dari, kwa saa nyingi. Mwalimu alisema: "Nimefundisha miaka thelathini na sita nikiwa nimesimama, leo povu limeniamuru nilale." Siku ya tatu daktari aliona ukingo mmoja wa kipandikizi umebanduka. Tukaogopa sana. Akarudishwa chumba cha upasuaji, akapuliziwa hewa mara ya pili, na kikashika. Niliposoma baadaye niligundua kwamba jambo hili si ajabu. Tathmini ya tafiti nyingi iliyotolewa na chama cha madaktari wa macho wa Marekani mwaka 2009 ilikuta kwamba, katika njia hii, kipandikizi hubanduka kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya saba. Katika ile njia ya utando mtupu, tathmini ya mwaka 2018 ilikuta zaidi ya robo ya wagonjwa walihitaji kupuliziwa hewa tena. Wengi wao huishia vizuri. Ni vema ndugu wa mgonjwa wajue hivyo mapema, wasije wakadhani kila kitu kimeharibika.

MATOKEO

Tuje sasa kwenye matokeo, maana ndiyo mliyoniitia. Madaktari huyapima kwa mambo manne.

La kwanza ni uwezo wa kuona. Mwenye macho mazuri anasemwa kuwa na 6/6. Mwenye 6/18 hulazimika kusimama mita 6 ili aone herufi ambayo mwenye macho mazuri anaiona akiwa mita 18. Tathmini ile ya 2009 ilionyesha kwamba waliofanyiwa njia ya kwanza walifikia wastani wa kati ya 6/10 na 6/20. Waliofanyiwa njia ya pili, kwa tathmini ya 2018, walifikia karibu 6/6 hadi 6/9. Na wanafika huko katika miezi michache, ambapo kwa kitufe kizima ilikuwa mwaka na zaidi. Mwalimu wetu, baada ya miezi sita, alipima 6/18 akiwa na miwani. Anasoma gazeti. Anatembea peke yake. Malengelenge na maumivu yametoweka kabisa. Hakufikia 6/12, na daktari alitueleza sababu: konea ilikaa na maji muda mrefu mno kabla ya kutibiwa, ikaacha kovu jembamba katika nyama yake, na kovu hilo halimo katika tabaka lililobadilishwa. Angefika mwaka 2020 au 2021, huenda angeona vizuri zaidi.

La pili ni muda wa kipandikizi kudumu. Francis Price na wenzake huko Indianapolis walichapisha mwaka 2011 matokeo ya miaka mitano ya njia ya kwanza. Kwa wenye ugonjwa wa Fuchs, vipandikizi takriban 95 kati ya 100 vilikuwa bado vinafanya kazi. Kwa waliovimba konea baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, vilikuwa takriban 76. Kwa maneno mengine, jicho lililoingia katika upasuaji likiwa limekwisha kupigwa na mambo mengine huwa na kazi ngumu zaidi. Presha ya jicho huongeza uzito: katika uchunguzi mwingine wao, wa mwaka 2012, macho yenye presha inayotulizwa kwa matone yalifanya vizuri, takriban 90 kati ya 100, lakini yale yaliyokuwa yamepasuliwa kwa ajili ya presha, ni karibu nusu tu ya vipandikizi vilivyofika miaka mitano. Presha ya Mwalimu inatulizwa kwa matone. Hiyo ni bahati yetu, na ni bahati ya kulindwa.

La tatu ni mwili kukikataa kipandikizi. Mwili hukitambua kuwa ni cha mtu mwingine, na askari wake huweza kukivamia. Hapa ndipo faida ya kubadilisha sehemu ndogo inapoonekana wazi. Price na wenzake walikuta mwaka 2012 kwamba, katika miaka miwili ya kwanza, uvamizi huo ulitokea kwa takriban asilimia 18 ya waliopandikizwa konea nzima, asilimia 12 ya njia ya kwanza, na asilimia 1 tu ya njia ya utando mtupu. Kadiri nyama ngeni inavyopungua, ndivyo mwili unavyopunguza ugomvi.

La nne ni idadi ya mabaharia waliobaki. Kipandikizi cha Mwalimu kilikuwa na chembe 2,700 katika milimita mraba kilipotoka benki ya macho. Baada ya mwaka mmoja zilihesabiwa 1,650. Msishtuke. Zaidi ya theluthi moja hupotea katika miezi ya mwanzo kwa sababu ya kushikwa, kukunjwa na kusafirishwa. Baada ya hapo upungufu huwa wa polepole. Zikibaki juu ya 500, konea itakuwa angavu.

JIBU LA MASWALI MAWILI

Ndugu Mwenyekiti, sasa naweza kujibu. Je, Mwalimu amepona? Amerudishiwa kuona, na maumivu yamekwisha. Kwa jicho la aina ile, lililochelewa namna ile, hayo ni matokeo mema, na mchango wenu umefanya kazi yake. Lakini anaishi na kipande cha mwili wa mtu mwingine ndani ya jicho lake la pekee, na kipande hicho kinahitaji ulinzi.

Mbona anaendelea kutumia dawa? Kwa sababu matone ya steroidi ndiyo yanayowazuia askari wa mwili wasikivamie kipandikizi. Alianza kwa kutia mara nyingi kwa siku, sasa anatia mara moja, na daktari wake amemwambia asiache. Matone hayo hayo, kwa baadhi ya watu, hupandisha presha ya jicho, na presha ndiyo iliyoua jicho lake la kushoto. Kwa hiyo akiacha dawa anakihatarisha kipandikizi. Akiitumia bila kupimwa anauhatarisha mshipa wa jicho. Hakuna njia ya katikati isipokuwa kwenda hospitali ya rufaa kila baada ya miezi minne, apimwe presha, konea ikaguliwe, na dawa irekebishwe. Kuna wakati mwili huanza kukikataa kipandikizi bila mgonjwa kuhisi chochote, na ni darubini ya daktari tu inayoona. Zikiwapo dalili, huwa ni jicho kuwa jekundu, kuumizwa na mwanga, maumivu, au ukungu kurudi. Hapo mtu asingoje hata siku mbili, maana uvamizi ukiwahiwa mara nyingi huzimwa.

Kazini kwetu tumezoea kuona daraja linajengwa kwa fedha nyingi, likafunguliwa kwa sherehe, halafu fungu la matengenezo likafutwa kwenye bajeti. Baada ya miaka michache daraja halipitiki, na watu wanauliza fedha zilikwenda wapi. Nauli ya Mwalimu na chupa yake ya matone ni fungu la matengenezo. Ni dogo sana likilinganishwa na gharama ya kwanza, na tukilifuta, ya kwanza itakuwa imepotea.

KONEA HUTOKA WAPI

Limebaki jambo moja. Kuna mtu alikufa, na jamaa zake, wakiwa katika msiba, wakakubali konea zake zitolewe. Hatumjui, wala hatutamjua. Bila mtu huyo fedha zetu zote zisingenunua kitu.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi 148 ulikuta kwamba mwaka 2012 zilipandikizwa konea takriban 185,000 duniani, na kwamba konea moja tu ilipatikana kwa kila watu 70 wenye kuihitaji. Nchi inayotajwa sana kwa ukarimu ni Sri Lanka, ambako daktari Hudson Silva alianzisha chama cha kutoa macho mwaka 1961, na tangu hapo nchi ile ndogo imepeleka konea nchi nyingi za dunia. Kumbe si utajiri unaoamua.

Watu wetu wengi hudhani konea ya mzee haifai. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2008, juu ya konea zilizopandikizwa nzima kwa wagonjwa wa uvimbe, ulilinganisha watoaji wa umri wa miaka 12 hadi 65 na wale wa 66 hadi 75. Baada ya miaka mitano matokeo yalikuwa sawa: 86 kati ya 100 kwa makundi yote mawili. Kuvaa miwani hakumzuii mtu kutoa. Konea hutolewa katika saa chache baada ya kufa, na uso wa marehemu hauharibiki. Anazikwa kwa heshima yake yote. Najua jambo hili lina upande wa dini na wa mila, na kila mmoja atashauriana na watu wake. Ninachoomba ni kwamba lizungumzwe nyumbani wakati watu wangali wazima, kwa kuwa usiku wa msiba si wakati wa kulianza.

Vijana wenye kupenda sayansi, kuna habari njema kwenu. Shigeru Kinoshita na wenzake wa Kyoto walichapisha mwaka 2018 habari za wagonjwa 11 wa uvimbe wa konea. Walizikuza chembe za ndani katika maabara, wakazidunga jichoni kwa sindano pamoja na dawa ya kuzisaidia kushika, na wagonjwa wakalala kifudifudi kwa saa tatu ili chembe zitue juu ya konea. Baada ya wiki 24, wote 11 walikuwa na chembe zaidi ya 500. Mwaka 2023 serikali ya Japani iliidhinisha tiba ya aina hiyo. Kwa njia hiyo konea ya mtoaji mmoja yaweza kuwahudumia wagonjwa wengi. Konea bado zitahitajika, lakini foleni yaweza kufupishwa. Nani katika bwalo hili atakuja kuifanya kazi hiyo katika nchi yetu? Kuanza si kugumu: anza kwa kulisoma jicho kidato cha pili, usilikariri kwa ajili ya mtihani tu.

MAPENDEKEZO

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa mapendekezo matatu, na ningeomba yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano.

Kwanza, mfuko wa Mwalimu usifungwe. Utengewe kiasi cha kila mwaka cha dawa, nauli ya kwenda na kurudi, na ya mtu mmoja wa kumsindikiza, na Katibu atunze tarehe zake za kliniki kama anavyotunza tarehe za mikutano yetu.

Pili, kila mwanachama aende nyumbani amwulize mzazi wake swali moja: je, ukiamka asubuhi unaona ukungu unaopungua mchana? Akijibu ndiyo, apelekwe kwa daktari wa macho mwezi huu huu. Tofauti kati ya 6/18 na 6/9 yaweza kuwa ni miaka miwili ya kungoja.

Tatu, mkutano ujao aalikwe daktari wa macho, pamoja na shehe na padri, watueleze kwa pamoja habari ya kutoa konea, ili kila mtu aamue akiwa na elimu.

Mwalimu ametuma salamu. Amesema ameziona picha za mahafali mlizomtumia, na kwamba katika picha ya pili, ubaoni nyuma ya wahitimu, kuna pembe iliyoandikwa nyuzi 90 ambayo si nyuzi 90. Anataka isahihishwe.

Naomba kutoa hoja.